Stephania Awafundisha Wakwe Kusalimiana

Mara ya kwanza Stephania Kija kumsalimia mtu asiyeielewa salamu yake, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kidato cha kwanza. Alikuwa ametoka kwao Mkula, kwenye nyumba ya wakulima wa pamba iliyozungukwa na ua wa minyaa, akapelekwa shule ya bweni mkoani Kilimanjaro. Asubuhi ya kwanza alikutana na matroni kwenye korido, na kama mama yake alivyomfunza tangu hajajua kufunga kanga, akapiga magoti kuamkia. Matroni akadhani mtoto ameanguka. Akamshika kwapani, akamnyanyua, akamgusa paji la uso, kisha akamkokota hadi kwenye chumba cha wagonjwa. Stephania akatobolewa kidole akapimwa malaria. Kwa aibu hakusema neno, na ule ukimya ukazidi kumtia matroni wasiwasi, akaongezewa uji.

Wasichana wa bweni walicheka hadi mwisho wa muhula. Mtoto wa watu kapimwa malaria kwa sababu ya adabu! Yeye mwenyewe alicheka nao baadaye, maana alikuwa na moyo mwepesi wa kucheka, lakini swali lilimkaa. Inakuwaje magoti yaleyale yawe heshima Mkula na homa Kilimanjaro?

Swali hilo ndilo lililomfikisha chuo kikuu Mwanza. Huko akagundua, kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea, kwamba kuna wataalamu waliokaa chini wakaliandikia vitabu. Kulikuwa na nadharia iliyosema kwamba watu wageni wanapokutana, kazi yao ya kwanza ni kupunguza mashaka, kila mmoja akichungulia kwa mwenzake ajue ni mtu wa namna gani. Nyingine ilisema kila mtu anabeba uso wake hadharani kama chungu kilichojaa maji, na kila jamii ina njia yake ya kuhakikisha chungu cha mwenzako hakimwagiki. Nyingine iligawa jamii: wapo wanaosema jambo lote kwa mdomo, na wapo wanaoacha nusu yake isemwe na ukimya, na mahali mtu alipokaa, na namna alivyoinuka. Aliyoipenda kuliko zote ni ile iliyoeleza jinsi watu wanavyorekebisha usemi wao ili kumsogelea yule wanayezungumza naye. Mtu akikupenda, ilisema nadharia, hata mwendo wa maneno yake hubadilika ukafanana na wako.

Alipoajiriwa kufundisha katika chuo kimoja cha maendeleo ya jamii mjini Bariadi, alipewa somo hilohilo, Mawasiliano kati ya Tamaduni. Wanafunzi walilipenda, si kwa sababu ya nadharia bali kwa sababu ya mwalimu. Alikuwa akiigiza. Alikuwa mara Mhaya mwenye gari jipya, mara bibi wa Kisukuma anayeuliza habari za ng'ombe mmoja mmoja, mara karani wa ofisini asiyeinua macho. Darasa la jirani walikuwa wakigonga ukuta waombe kupunguziwa vicheko.

Keneth alikuja kupitia vicheko hivyo. Alikuwa fundi wa maabara hospitalini, Mmakua wa Masasi, mrefu, mpole, aliyepangiwa kazi Simiyu bila kujua hata neno moja la Kisukuma. Alialikwa chuoni siku moja kuzungumza na wanafunzi juu ya wagonjwa wanaoogopa kutoa damu. Stephania alimuuliza mbele ya darasa, "Mgonjwa akikwambia 'mhola', wewe unaelewa nini?"

"Naelewa kwamba hajambo," Keneth akajibu, "halafu namwangalia. Nikiona anatetemeka, namchoma sindano."

Darasa likaangua kicheko. Stephania akaandika ubaoni kwamba huyu bwana ameelewa somo kuliko wote, na mwaka haukuisha kabla hawajaanza kuzungumza habari za kuoana.

Hapo ndipo mwalimu alipopata kazi ya kweli. Familia ya Keneth ingesafiri kutoka Masasi hadi Mkula kuja kuomba mke, mwisho mmoja wa nchi hadi mwingine, na wazee wa pande zote mbili walikuwa hawajawahi kukanyaga kwa wenzao. Stephania aliamua kwamba katika nyumba yao hatapimwa mtu malaria. Aliwaandaa wote. Kila Jumamosi alipanda basi la Lamadi kwenda kwao, akawakalisha baba na mama yake barazani kati ya malundo ya pamba iliyokuwa imevunwa, akawaeleza.

"Baba, watu wa kusini hawapendi kuzungushwa," alisema. "Wanaingia kwenye jambo moja kwa moja. Ukianza kuuliza habari za mvua na mifugo, watadhani unawachelewesha makusudi."

Mzee Kija Maganga alikuna kidevu. Kwake salamu haikuwa kitu cha kukatisha. "Sasa mtu nimjue vipi bila kumsalimia?"

"Msalimie kidogo tu, baba. Mpe mkono, mkaribishe, muulize alichojia."

"Nami?" akauliza mama yake, Kwandu.

"Wewe, mayu, usipige magoti. Wataona aibu. Simama, toa mkono, tabasamu."

Mama Kwandu akajaribu kusimama na kutoa mkono huku akitabasamu. Alifanana na mtu anayepiga picha ya kitambulisho, akacheka mwenyewe akakaa.

Upande wa Masasi aliufundisha kwa simu. Msikilizaji wake alikuwa Mzee Josia, kaka wa mama yake Keneth, sauti nzito yenye bashasha, aliyekuwa akiandika kila neno na kulirudia. Stephania alimfundisha kusema "mwadila" kwa salamu ya mchana, na "mhola" kwa kuulizana amani. Akamwambia Wasukuma hawakimbilii jambo. Salamu ni ndefu, lazima uulize watoto, ng'ombe, mashamba, mvua na majirani. Na akamwambia kwamba wanawake hupiga magoti kuamkia. Sehemu hiyo ya mwisho ilikatwakatwa na mtandao.

Maarifa yake ya watu wa kusini aliyatoa wapi? Aliyatoa kwa Keneth. Keneth ndiye aliyekuwa mtu asiyezungushwa, na Stephania, aliyewakata wanafunzi alama kila mwaka kwa kumpima mtu mmoja na kuihukumu jamii nzima, alimpima Keneth akaihukumu Masasi yote. Mapenzi hayo.

Wageni wakafika Lamadi mwezi wa saba, wamechoka kwa mabasi, wakala sato wa kukaanga, wakalala. Kesho yake mchana Keneth akabaki Lamadi, kama mila ilivyotaka, akitembea huku na huku barabarani na simu mkononi, na wageni wawili wakashuka kwenye gari mbele ya minyaa ya Mzee Kija. Mmoja alikuwa Mzee Josia, amevaa koti la kijivu la sherehe. Mwingine alikuwa dada yake, Mama Veronica, mama mzazi wa Keneth, amebeba kikapu cha korosho zilizobanguliwa vizuri. Stephania alikuwa jikoni, mlango umeegeshwa, jicho moja kwenye upenyo.

Mama Kwandu alisonga mbele kama alivyofundishwa. Akasimama wima, akanyoosha mkono, akatabasamu. Lakini mkono wake ulibaki hewani, kwa sababu Mzee Josia hakuwepo tena mbele yake. Alikuwa chini. Mzee mzima mwenye mvi, na koti lake la kijivu, alikuwa amepiga magoti yote mawili kwenye vumbi, amekutanisha viganja, akisema kwa sauti ya kanisani:

"Mwadila, mayu! Mhola?"

Mke wa kaka yake Stephania alitia upande wa kanga mdomoni akakimbilia nyuma ya nyumba. Stephania alijishika kichwa. Mama Kwandu, kwa kutojua la kufanya, akaona haiwezekani mgeni awe chini yeye awe juu, akapiga magoti na yeye. Basi wakawa wawili kwenye vumbi, wakitazamana, na Mama Veronica, kuona wenzake wote wako chini, akaweka kikapu chake akashuka pia.

Mzee Kija ndiye aliyebaki amesimama. Akawainua mmoja mmoja, akawakalisha kwenye viti, akampa mgeni mkono, kisha akasema kama alivyofundishwa:

"Karibuni sana. Haya, semeni mlichojia."

Mzee Josia akashtuka. Alikuwa amejiandaa kwa salamu safari nzima. "Kwanza, baba, habari za ng'ombe?"

"Wazima. Semeni tu."

"Na watoto?"

"Wazima wote. Endeleeni."

"Na mvua? Na pamba? Na majirani wa upande huu?" Mzee Josia alionyesha kwa kidole nyumba ya jirani wa mashariki. "Na wa upande ule?"

"Mzee mwenzangu," Mzee Kija akasema, jasho likimtoka kwa ukosefu wa adabu aliolazimishwa, "hatutaki kuwachelewesha."

Kule jikoni Stephania alitamani ardhi ipasuke. Kila mmoja alikuwa ameacha nyumba yake kwenda kumtembelea mwenzake, wakapishana njiani, na sasa kila mmoja alikuwa akibisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Hayo yangekuwa ya kuchekesha tu kama yangeishia hapo. Lakini baada ya maji kunywewa, Stephania aliona uso wa baba yake ukibadilika. Alikuwa akitazama viti vya wageni, akirudia kuvitazama, kama anayesubiri mtu wa tatu ashuke garini.

"Safari ilikuwa ndefu," Mzee Kija alisema polepole. "Wengine huko nyumbani mmewaacha wazima?"

"Wazima kabisa," akajibu Mzee Josia.

"Na wazee?"

"Wazee wote wazima, tunashukuru."

"Hakuna anayeumwa?"

"Hata mafua, mzee wangu!"

Stephania alielewa kabla mama yake hajageuza shingo kutazama jikoni. Baba yake alikuwa anamtafuta baba wa Keneth. Kama angekuwa amefariki, ingeeleweka. Kama angekuwa mgonjwa, ingeeleweka. Lakini ni mzima, hana hata mafua, na hakuja kumwombea mwanawe mke. Amewatuma shemeji na mke wake kama mtu anayeagiza sabuni dukani. Na Keneth, katika mazungumzo yao yote, hakuwahi kumwambia Stephania kwamba kwao mambo haya si ya baba. Hakuficha. Hakujua kama ni jambo la kusimuliwa. Nani anamweleza mchumba wake kwamba kwao watu hulala wamefumba macho?

Mzee Kija akainuka.

"Ngoja nikaangalie ng'ombe," akasema.

Ng'ombe walikuwa machungani tangu asubuhi, na kila mtu wa nyumba hiyo alijua maana ya maneno hayo. Mzee akienda kuangalia ng'ombe ambao hawapo, mazungumzo yamekwisha, na wageni wataletewa chakula, watashukuriwa, watasindikizwa kwa heshima zote, na jambo halitatajwa tena. Stephania alikuwa ameyatumia maneno hayo hata darasani, kama mfano wa ujumbe uliobebwa na ukimya. Sasa alisimama jikoni na mwiko mkononi.

Mzee Josia naye akainuka, amechangamka.

"Twende wote!" akasema. "Sijawahi kuona zizi la Wasukuma. Huko kwetu nitasimulia nini?"

Akamfuata. Hakuna mtu aliyewahi kumfuata Mzee Kija zizini wakati wa hasira. Stephania akatoka kwa mlango wa nyuma, akainama, akapita kando ya minyaa hadi karibu na zizi.

Ndani ya zizi kulikuwa na ndama tu, na ng'ombe jike mmoja aliyeachwa kwa kuwa alizaa juzi. Mzee Kija alikuwa ameegemea lango, amewapa watu wote mgongo. Mzee Josia akampita, akafungua lango mwenyewe, akaingia moja kwa moja kwenda kumpapasa ndama mdogo.

"Ah, mtoto mzuri huyu!"

Ng'ombe mama akainua kichwa. Akapuliza pua. Kisha akaja.

Watu wa Mkula wanasema mpaka leo hawajaona koti la sherehe likikimbia kama lile. Mzee Josia alizunguka zizi, ndama wakitawanyika, akarudi langoni, akajibanza nyuma ya Mzee Kija na kumshika shati kwa mikono miwili kama mtoto anayeogopa mbwa. Mzee Kija akanyoosha mkono, akampigia ng'ombe mluzi, akamtaja kwa jina lake. Ng'ombe akasimama, akatikisa masikio, akarudi kwa ndama wake.

Halafu mabega ya Mzee Kija yakaanza kutikisika. Stephania alidhani ni hasira, mpaka kicheko kilipomtoka, kile kicheko chake cha tumboni alichokuwa hajakisikia tangu msimu wa pamba uanze. Mzee Josia naye akacheka, bado ameshika shati.

"Nisamehe, mzee mwenzangu," akasema akihema. "Huko kwetu ng'ombe tunakutana naye akiwa mchuzini."

Mzee Kija alijifuta machozi. "Sasa kwa kuwa shati langu umeshalishika, ngoja nikuulize. Baba wa kijana yuko wapi?"

"Shemeji? Yuko nyumbani, anapulizia mikorosho salfa." Mzee Josia akamtazama kwa mshangao. "Kwani alitakiwa?"

"Alitakiwa! Nani anamwombea kijana mke?"

"Mimi."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mjomba," akasema Mzee Josia, na kwake jibu lilikuwa limekamilika. Alipoona halijafika, akaongeza taratibu: "Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mimi ndiye niliyemlea kwa maneno, mimi ndiye ninayeulizwa akikosea, mimi ndiye ninayesimama akioa. Baba yake anampenda sana, lakini akija yeye kuomba mke, watu watauliza, je, kijana huyu hana wajomba? Ni yatima? Tumekuja wenye mtoto, mzee wangu. Tumekuheshimu."

Mzee Kija aligeuka akaegemea lango, safari hii akiwa amempa mgeni uso.

"Mimi nimelelewa na mjomba," akasema. "Baba yangu aliondoka nikiwa mdogo. Mjomba Jeremia akanichukua Maswa, akanisomesha kwa pamba yake. Siku alipokwenda kuniombea huyu mama uliyempigia magoti, walimuuliza swali hilihili. Baba yake yuko wapi? Wakamwacha nje juani mpaka jioni. Na leo nilitaka nikufanyie wewe vilevile."

Mzee Josia akamwekea mkono begani. Stephania, nyuma ya minyaa, alijifuta macho kwa mkono ulioshika mwiko, akajipaka uji wa ugali shavuni.

"Nami nina swali," akasema Mzee Josia. "Binti yenu aliniambia ninyi salamu zenu ni ndefu. Nimejifunza njia nzima ndani ya basi, watu wanadhani nasali. Mbona ulinikatiza?"

"Aliniambia ninyi hamtaki salamu!"

"Sisi? Sisi tukikutana sokoni chumvi inayeyuka tukisalimiana!"

"Na yale magoti?"

"Alisema wanaume... au alisema wanawake? Mtandao ulikuwa mbaya."

Wazee wakatazamana. Kisha, kwa pamoja, wakageuka kuelekea jikoni.

"Stefaaa!" akaita baba yake.

Hakukuwa na namna. Stephania akatokeza kwenye minyaa, hatua chache tu kutoka walipokuwa, mwiko mkononi, ugali shavuni. Wakamtazama, wakacheka upya, wakashikana kwa kicheko.

"Mwalimu," akasema Mzee Josia, "umetufundisha vizuri sana. Kila mmoja amefaulu mtihani wa mwenzake."

Wakarudi barazani, na Mzee Kija akatangaza kwamba mambo yanaanza upya, kutoka getini. Wageni wakatolewa nje ya minyaa, wakaingia tena. Safari hii kila mtu alisalimia kwa namna ya kwao. Mama Kwandu alipiga magoti yake kwa raha, mgongo umenyooka, na Mama Veronica akampokea mikono kwa namna ya Masasi. Mzee Kija aliuliza habari za kila kitu, hadi habari za mti mmoja mmoja wa korosho, na Mzee Josia akajibu bila haraka. Salamu zilipokwisha, ng'ombe walikuwa wanarudi kutoka machungani, vumbi limetanda, na mgeni akajificha tena nyuma ya mwenyeji wake, sasa kwa utani. Mambo ya mahari yalizungumzwa jioni hiyo na yakakubaliwa kabla chakula hakijapoa. Keneth, kule Lamadi, alipigiwa simu na mjomba wake, na wauza samaki wa kando ya barabara walimwona kijana mrefu akiruka peke yake.

Harusi ilifungwa Bariadi mwezi wa tisa. Mama Veronica alicheza ngoma za Kisukuma kwa mabega ya Kimakua, ikatoka kitu kipya kabisa, na wanawake wa Mkula wakamfuatisha.

Darasani, Stephania bado anafundisha nadharia zilezile, na bado anazipenda. Lakini mtihani ameubadilisha. Siku hizi kila mwanafunzi anatumwa kwa jirani wa kabila lingine akaulize jambo moja analodhani tayari analijua, na kurudi kueleza alivyokosea. Wanafunzi wanasema hakuna mtihani wenye vicheko kama huo Bariadi nzima. Anayerudi akidai hakukosea popote anarudishwa akaulize tena.

Mwaka uliofuata Mzee Josia aliozesha mpwa wake mwingine, mdogo wake Keneth, akatuma mwaliko Mkula. Mzee Kija, ambaye hakuwa amewahi kufika mbali zaidi ya Shinyanga, akapanda basi. Stephania alikaa siku nzima akisubiri simu, ametulia kwa shida, maana safari hii hakumfundisha mtu chochote. Simu ikaja jioni. Nyuma ya sauti ya baba yake kulikuwa na ngoma, na sauti ya mwanamume mwingine akicheka karibu kabisa.

"Baba, umepokewaje? Uko na nani?"

"Niko na baba yake Keneth," Mzee Kija akasema, mdomo umejaa. "Tumekaa chini ya mikorosho. Wajomba wapo ndani wanahangaika na mambo ya harusi tangu asubuhi, wamekunja nyuso. Mwanangu, huku baba hana kazi kabisa. Sisi tunakula mabibo tu."